Mvuke Hautaki Pupa

Kila msimu wa karafuu unapowadia, fikira za watu wa visiwa hivi huelekea kwenye mikarafuu, majamvi ya kuanikia na vituo vya ununuzi, na ndivyo ipasavyo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba karafuu ikishachambuliwa hubaki makonyo, na kwamba makonyo hayo hayageuki mafuta kwa dua wala kwa hotuba. Hugeuzwa kwa mvuke. Mvuke hupitishwa katikati ya makonyo yaliyoshindiliwa ndani ya pipa kubwa la chuma, ukayachukua mafuta yake, kisha ukapozwa ukawa maji, na mafuta yakajitenga na maji yale. (Asiyepata kuona hushangaa: mafuta ya karafuu hayaelei kama mafuta ya nazi, huzama chini.) Leo tungependa kuuzungumzia mvuke huo, na hasa zile nyakati zake mbili ambazo hatari yake ni kubwa kuliko nyingine zote, yaani saa ya kuuwasha mtambo na saa ya kuuzima.

Mvuke si mgeni kwetu. Tangu mwaka 1905, na kwa miaka kadhaa baadaye, garimoshi lilikuwa likienda na kurudi baina ya mjini Unguja na Bububu, na wazee wetu waliujua mlio wake. Leo hii kiko kiwanda cha mafuta ya makonyo Wawi, karibu na Chake Chake, na kiko kiwanda cha sukari Mahonda. Sukari nayo, kama mafuta ya makonyo, haipatikani bila ya boila. Hospitali kubwa na mahoteli nayo huhitaji mvuke au maji ya moto kwa kufulia nguo na kutakasa vifaa. Kwa hiyo jambo tunalolisema halimhusu fundi peke yake. Linamhusu meneja anayepanga kazi, ofisa anayesaini bajeti, mkaguzi anayepita na daftari lake, na mwananchi ambaye mtoto wake ameajiriwa huko.

Wengi hudhani kwamba boila huwa la hatari zaidi pale linapofanya kazi kwa nguvu zake zote, moto ukivuma na sindano ya geji ikiwa juu. Mafundi wanajua kuwa sivyo. Mtambo uliokwisha kutulia katika kazi una joto lililoenea sawasawa, mabomba yake yamekauka ndani, na kila chuma kimekwisha kujinyoosha kadiri kinavyotaka. Mtu anayeulinda mtambo wa namna hiyo ana muda wa kuona kosa na kulirekebisha. Matatizo huzuka pale chuma baridi kinapokutana na mvuke wa moto, au pale chuma cha moto kinapoachwa kipoe bila ya mtu wa kukiangalia. Nyakati hizo mbili ndizo ambazo, kwa bahati mbaya, viongozi wa viwanda huziona kuwa ni za kupoteza, kwa sababu hakuna kinachozalishwa.

Tueleze kidogo, maana ofisa asiyelijua jambo hawezi kulitolea amri ya haki. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida ya hewa hutanuka zaidi ya mara 1,600. Kinyume chake ni kweli vilevile: mvuke ukikutana na chuma baridi hunywea na kurudi kuwa tone la maji. Sasa chukulia bomba refu lililolala usiku kucha bila ya moto. Asubuhi fundi akifungua vali kuu ghafla, mvuke unaoingia hugeuka maji papo hapo na maji hayo hutuama chini ya bomba, hasa pale bomba lilipolegea au lilipopinda. Juu ya maji hayo mvuke mwingine unaendelea kupita, na mwendo wa mvuke ndani ya bomba la kiwanda si mdogo. Mita 25 hadi 35 kwa sekunde ni jambo la kawaida, yaani kiasi cha kilomita 100 kwa saa. Upepo huo huyainua maji yakawa wimbi, wimbi likaziba bomba zima, na kuanzia hapo mvuke unayasukuma maji yale kama risasi ndani ya mtutu. Yanapofika kwenye kona au kwenye vali iliyofungwa, hayana pa kwenda. Mafundi ulimwenguni kote huliita pigo hilo nyundo ya maji. Likiwa dogo husikika kama mtu anayegonga bomba kwa rungu. Likiwa kubwa hulipasua bomba, na mvuke unaotoka humchoma mtu kabla hajajua kilichotokea.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya nchi maskini zenye vyombo vikuukuu. Jiji la New York huko Marekani lina mabomba ya mvuke yanayopita chini ya barabara zake. Tarehe 19 Agosti 1989, katika mtaa wa Gramercy Park, wafanyakazi walikuwa wakiurudisha mvuke katika bomba lililokuwa limefungwa. Maji yaliyokuwemo ndani hayakutolewa kwanza. Bomba likaripuka, watu watatu wakafa, wengine 24 wakaumia, na jengo zima la makazi likabidi kuhamwa kwa sababu mripuko ulisambaza vumbi la asbestosi hewani. Miaka 18 baadaye, Julai 2007, bomba jingine la jiji hilohilo, lililokuwa limelazwa ardhini tangu mwaka 1924, lilipasuka karibu na stesheni kuu ya reli, na chanzo kikawa ni kilekile: maji yaliyokusanyika ndani kwa kuwa vile vifaa vidogo vya chini ya bomba, vinavyoruhusu maji yatoke huku vikiuzuia mvuke, vilikuwa vimeziba. Ikiwa jiji lenye wahandisi na fedha kama lile limepigwa na nyundo hii mara mbili, sisi tuna sababu gani ya kujiamini?

Kuna na jambo la pili, nalo ni kutanuka kwa chuma. Bomba la chuma lenye urefu wa mita 100, likipanda kutoka joto la chumbani la nyuzi 30 hadi nyuzi 180, hurefuka kwa kiasi cha sentimita 18, upana wa shibiri moja. Shibiri hiyo lazima ipate mahali pa kwenda. Ndiyo maana mabomba ya mvuke hupindwa kama kiatu cha farasi kila baada ya masafa fulani, na hulazwa juu ya vishikio vinavyoteleza. Joto likipanda polepole, bomba zima hujinyoosha kwa umoja. Likipanda kwa ghafla, sehemu ya juu hutanuka huku ya chini, iliyo na maji, ingali baridi. Bomba hujikunja, viungo huachia, na gasketi huanza kuvuja. Boila lenyewe nalo ni hivyohivyo, tena zaidi, kwa kuwa lina mabamba mazito na matofali ya moto ambayo hayapati joto kwa wakati mmoja. Boila lililowashwa kwa pupa mara mia halitapasuka lazima mara ya mia na moja, lakini kila mara hupunguziwa umri wake, na hakuna anayeiandika hasara hiyo katika vitabu vya hesabu.

Kuwasha kwa salama, basi, kunakuwaje? Fundi mwema huanza na macho kabla ya kiberiti. Huzunguka mtambo mzima akahakikisha kwamba hakuna mwenzake aliyeacha kazi katikati, kwamba tundu la kuingilia limefungwa, kwamba hakuna kufuli wala kibao cha kuzuia kilichosahauliwa juu ya vali. Hukitazama kioo cha maji, wala hatosheki na kukitazama. Hukifungua koki zake, akayamwaga maji yaliyomo na kuona kama yanarudi upesi, kwa sababu kioo kilichoziba huonesha maji ambayo hayapo. Hujaza maji chini kidogo ya kiwango cha kazi, akijua kuwa yatapanda yakipata moto. Kama boila linatumia mafuta, huiacha feni ivume kwanza mpaka gesi yoyote iliyobaki tanurini iwe imetoka, maana cheche katika tanuri lililojaa gesi huripuka hata kabla ya kuwako mvuke. Kisha huwasha moto mdogo. Koki ya hewa iliyo juu ya boila huachwa wazi mpaka hewa yote itoke na mvuke uanze kutoka kwa nguvu, ndipo hufungwa.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja ndiko kazi yenyewe. Presha huachwa ipande pole, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha boila lile, na kila boila lina kitabu chake. Boila lililopoa kabisa huchukua saa kadhaa. Inapofika zamu ya mabomba, fundi huzifungua koki zote za kutolea maji, toka ile iliyo karibu na boila mpaka ya mwisho kiwandani, halafu huifungua vali kuu kiasi cha unywele tu, au hutumia bomba dogo la pembeni lililowekwa kwa kazi hiyo. Maji hutoka kwenye koki, kwanza baridi, kisha ya vuguvugu, kisha yanayochemka, kisha mvuke wenye matone, mwisho mvuke mkavu usioonekana mpaka ufike mbali kidogo na mdomo wa bomba. Hapo tu ndipo koki hufungwa, moja baada ya moja, na vali kuu huzungushwa kidogo zaidi. Wakati wote huo fundi anasikiliza. Bomba likigonga hata mara moja, hurudi nyuma, hufunga, hutoa maji, huanza tena. Hakuna geji inayoweza kuchukua mahali pa sikio hilo.

Tumepata kusimama katika chumba cha boila asubuhi ya shughuli. Kiwanda hatutakitaja, wala si miongoni mwa vile tulivyovitaja hapo juu. Wageni walikuwa wamekwisha kuwasili, viti vimepangwa, utepe umefungwa, na ratiba iliyopigwa chapa inasema mashine zitaanza saa nne kamili. Moto ulikuwa umewashwa kwa kuchelewa kwa sababu kuni zilifika zikiwa zimelowa. Saa nne kasorobo meneja aliteremka na suti yake akamwambia mwangalizi wa boila, mtu mzima mwenye mvi, afungue. Mzee yule alijibu kwa adabu: "Mheshimiwa, bado. Bomba halijapata moto." Meneja akarudi juu. Saa nne kamili akateremka tena, safari hii akiwa na bwana mwingine mkubwa kuliko yeye. Mzee akasema vilevile. Kijana mmoja wa zamu, aliyetaka kuonekana mtiifu, akaishika vali akaizungusha.

Waliokuwepo hawatausahau mlio ule. Bomba lililokuwa limening'inia darini liliruka likarudi, vumbi la chokaa likatuangukia, na gasketi ya kiungo kimoja ikatoka. Mzee ndiye aliyekimbilia vali na kuifunga. Mkono wake wa kushoto uliungua mpaka kwenye kiwiko. Wageni walitolewa nje wakaambiwa kuna hitilafu ndogo, sherehe ikaendelea kwa hotuba, na mashine hazikuzunguka siku ile. Wiki mbili baadaye mzee alipokea barua ya onyo kwa kukaidi amri ya mkubwa wake wa kazi mbele ya wageni. Barua hiyo tumeionesha kwa watu wawili wenye kujua sheria za kazi, na wote wawili waliisoma mara mbili.

Hatulielezi tukio hili ili kumfedhehesha mtu. Meneja yule hakuwa mtu mbaya, bali alikuwa ametiwa kati na ratiba ambayo aliyeiandika hakuwa amewahi kuingia katika chumba cha boila. Kosa liko juu zaidi, katika mazoea ya kuuhesabu mtambo wa mvuke kama taa ya umeme, kwamba ukitaka mwanga unabonyeza swichi. Na kwa kuwa tumeutaja umeme, tuingie katika sehemu ya pili ya maneno yetu, ambayo kwa watu wa visiwa ni nzito kuliko ya kwanza.

Kuzima mtambo kunaonekana kuwa jambo jepesi, na ndiyo maana hufanywa ovyo. Mtu huona saa ya kwenda nyumbani imefika, moto anauzima, mlango anafunga. Lakini matofali ya tanuri yaliyopikwa mchana kutwa hayajui kuwa zamu imekwisha. Huendelea kuyachemsha maji kwa muda mrefu baada ya moto kuzimwa, na maji yakipungua pasipo mtu wa kuyaongeza, mabamba ya chuma hubaki matupu juu ya joto. Fundi anayezima vizuri hupunguza kazi kwanza, kisha moto, hubaki akikiangalia kioo mpaka matofali yatulie, ndipo hufunga vali kuu. Naye hasahau kuwa mvuke uliofungiwa ndani ya chombo, ukipoa, hunywea na kuacha ombwe. Ombwe hilo si kitu cha kudharau: hewa ya dunia inakandamiza kwa kiasi cha tani 10 juu ya kila mita mraba, na chombo chembamba kisicho na cha kukisaidia kutoka ndani hubonyea kama kopo. Hata pale chombo kinapostahimili, ombwe huvuta. Huyavuta maji machafu kutoka katika mapipa ya makonyo au masufuria ya sukari, yakapanda nyuma ndani ya mabomba, yakalala humo kungojea asubuhi. Hivyo nyundo itakayompiga mtu wa zamu ya asubuhi mara nyingi huwa imetengenezwa na mtu wa zamu ya jana. Dawa yake ni ndogo: kufungua koki ya hewa presha inapokaribia kufika sifuri, na kuyaacha mabomba yamwage maji yake yote kabla ya watu kuondoka. Ni kazi ya nusu saa. Ni nusu saa hiyohiyo ambayo huibwa kwa kuwa gari la wafanyakazi linapiga honi nje.

Huko ni kuzima kwa hiari. Sisi wa visiwani tunakujua na kuzima kwa lazima. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani kwa takriban mwezi mzima, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa gizani tena kwa miezi mitatu, baada ya umeme unaotoka bara kukatika. Tangu wakati huo nyaya mpya zimepitishwa chini ya bahari, ya Pemba mwaka 2010 na ya Unguja mwaka 2013, na tunashukuru. Hata hivyo hakuna msomaji wetu atakayesema kuwa umeme haukatiki tena. Kwa mwenye duka kukatika kwa umeme ni hasara ya barafu. Kwa mwenye boila ni pampu ya maji inayosimama wakati moto ungali unawaka. Kama moto ni wa mafuta, huzimika pamoja na umeme. Kama ni wa kuni au makapi ya miwa, hauzimwi kwa swichi. Lazima milango ya hewa ifungwe, na pengine moto uburutwe nje kwa reki, na watu walio gizani wayafanye hayo kwa dakika chache bila ya kugongana.

Hapo ndipo linapotokea kosa baya kuliko yote. Maji yametoweka kwenye kioo, umeme umerudi, na mtu mwenye hofu anaifungulia pampu imwage maji baridi juu ya mabamba ambayo yumkini yamekuwa mekundu kwa moto. Maji hayo hugeuka mvuke kwa mkupuo mmoja na chuma hupasuka kwa kupozwa ghafla. Kanuni ni ya zamani na haina mjadala: kioo kikiwa kitupu usitie maji, ondoa moto, toa watu, acha boila lipoe lenyewe, kisha likaguliwe ndani kabla ya kuwashwa tena. Kuipoteza siku nzima kwa kufuata kanuni hiyo ni jambo chungu. Tunauliza tu kama kuna mkubwa katika kiwanda chochote aliyekwisha kutamka mbele ya watu wa zamu kwamba siku hiyo wanaruhusiwa kuipoteza.

Iko na njia ya kupunguza hatari yenyewe, wala si mpya. Mwaka 1858 Mfaransa Henri Giffard alibuni kifaa kinachotumia mvuke wa boila lenyewe kuyasukuma maji ndani yake, bila ya umeme wala mashine inayozunguka. Magarimoshi yalikitumia kwa zaidi ya miaka mia. Iko pia pampu inayoendeshwa kwa mvuke. Katika nchi ambayo umeme wake hupita chini ya bahari, tunaona ni haki kila boila linalochoma kuni au makapi liwe na mojawapo ya vifaa hivyo, nacho kijaribiwe mbele ya mkaguzi, kisiwe cha kuwekwa ukutani kama picha ya harusi.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 2005, na hatuna shaka na nia ya walioitunga. Lakini sheria za maboila, popote zilipoanza kuheshimiwa, ziliheshimiwa baada ya mazishi. Tarehe 20 Machi 1905, katika mji wa Brockton huko Massachusetts, kiwanda cha viatu kiliripukiwa na boila kuukuu lililokuwa limerudishwa kazini kushika nafasi ya boila jipya lililokuwa likishughulikiwa. Watu 58 walikufa. Baada ya hapo ndipo Massachusetts ikatunga kanuni zake, na wahandisi mitambo wa Marekani wakaandika kanuni zao za boila, toleo la kwanza likiwa la mwaka 1914. Sisi hatuhitaji kuyapitia hayo ili tujifunze, kwa kuwa walikwisha kutulipia.

Tunalotaka Serikali ilitazame ni mambo ambayo hayana gharama kubwa, na labda ndiyo sababu hayaombewi fedha na hivyo hayafanywi. Saa za kuwasha na kuzima ziandikwe katika mpango wa kazi wa kiwanda kama saa za kazi, ili meneja asihojiwe kwa nini mashine zilisimama. Sherehe za uzinduzi zipangwe kwa saa ya boila, na mgeni rasmi, awe nani, aambiwe hivyo na ofisi yake kabla hajaondoka mjini. Tunaamini viongozi wetu wengi wangependa kuambiwa. Daftari la zamu lisainiwe na anayetoka na anayeingia, na liseme wazi ni vali ipi iko wazi na ni koki ipi haikumwaga maji.

Na maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili. Hili linatuudhi zaidi kuliko tunavyoweza kulisema kwa upole. Tumeona ukutani kwenye vyumba vya boila maelekezo mazuri kabisa, yamechapwa kwa rangi na kutiwa kioo, kwa lugha ya nchi ilikotoka mashine, mbele ya watu ambao wamesoma skuli zetu na wanafanya kazi kwa lugha yao. Mwenye kujua lugha ile alikuwa mhandisi aliyekuja kulifunga boila, naye alikwisha kurudi kwao. Chuo cha ufundi kikitoa walimu wawili na mtu mmoja wa Kiswahili kwa muda wa mwezi mmoja, kila boila la visiwa hivi litaweza kuwa na ukurasa wake wa kuwashia na ukurasa wake wa kuzimia, wenye majina ya vali kama mafundi wanavyoyatamka.

La mwisho ni la mamlaka. Mtu aliyekabidhiwa vali apewe barua, yenye saini ya mkuu wa kiwanda na nakala kwa mkaguzi, inayosema kwamba neno lake juu ya kufungua na kutofungua haliwezi kutanguliwa na mtu yeyote aliye nje ya chumba cha boila, na kwamba hataadhibiwa kwa kusema bado. Nahodha wa jahazi analo neno kama hilo juu ya kung'oa nanga, na hakuna abiria, hata awe tajiri mwenye mali yote iliyomo chomboni, anayemwona mkaidi.

Yule mzee tuliyemtaja amepona mkono, ingawa vidole viwili havikunji vizuri. Bado yuko zamu, na kijana aliyeizungusha vali siku ile sasa ni msaidizi wake, kwa ombi la mzee mwenyewe. Barua ya onyo ingali ndani ya jalada lake. Tunawaomba wanaohusika, nao wanajijua, waitoe.